Mtu wa kumi na mbili

Leo tumemtafuta mtu milimani saa nzima, na hakuna aliyejua jina lake.

Klabu yetu ya baiskeli hapa Riyadh ina desturi. Ijumaa za msimu wa baridi, kabla ya kuingia milimani, tunasimama duara na kila mtu anataja namba yake. Leo asubuhi, Ijumaa ya kwanza ya msimu huu, hesabu ilifika kumi na mbili.

Saa sita, tukiwa kwenye chai, kiongozi wetu Otieno akahesabu vichwa kwa kidole.

Kumi na mmoja.

Jamani, jangwa lile si la kupotea mtu. Tuliacha vikombe pale pale, tukarudi kwenye mawe tukipuliza filimbi na kuita, "Uko wapi?"

Yuko wapi nani? Kila niliyemkumbuka nilikuwa namwona.

Tulipochoka, Rehema, mgeni wetu wa leo, akasema, "Hebu tajeni namba tena."

Tukasimama duara. Ikaenda mpaka kwa Fatma, akasema sita.

Kimya kidogo.

Mimi nikasema nane.

Rehema akauliza, "Saba ni nani?"

Saba ni Mussa. Miaka minne alisimama kati yangu na Fatma. Tulimzika kiangazi kilichopita.

Wenzangu wanasema ni mazoea tu, ulimi umeruka. Nanyi niambieni hapo chini kwamba ni mazoea, nitashukuru.

Maana mimi sikuiruka saba. Nilingoja mpaka nikaisikia, ndipo nikasema nane.