Siku Mama Alipofuata Nyasi Baa

Gunia la katani likilowa hutoa harufu ambayo sijaikuta kwa kitu kingine: nusu kamba, nusu mbwa. Nimehama miji mingi, na nyumba za kulala wageni nilizolala siwezi kuzikumbuka zote, lakini nikipita nyuma ya ghala siku ya mvua, pua yangu hunirudisha Mbinga. Najiona nikitembea nyuma ya mama, gunia limekunjwa kichwani kama kofia ya mtawa, maji yakinichuruzika mgongoni.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Mjini palikuwa na sabuni za kila rangi, mitumba ilining'inia hadi juu ya mitaro, na wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamekuja na magari yao. Kila mtu alitaka kupanda mibuni zaidi, na ardhi ambayo zamani haikugombewa ikaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Miongoni mwa ardhi hiyo lilikuwamo shamba letu la mteremkoni, upande wa Mpepai.

Baba alikuwa amefariki. Siku ya kuondoa matanga wazee wa ukoo walisema shamba lile litabaki kwa mama maadamu analilima. Likilala misimu miwili, litarudi kwa ukoo. Kulirudisha kwa ukoo maana yake ilikuwa kumpa baba mdogo, mdogo wake marehemu. Na kwetu Umatengo shamba la mteremko huanza na nyasi. Mwanamume hufyeka, kisha huzilaza nyasi kwa mistari inayokatizana mpaka zifanye miraba. Ndipo wanawake wachimbe kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo, katikati libaki shimo tunaloliita ngolo. Bila nyasi kulazwa, jembe la mwanamke halina pa kuanzia. Baba mdogo aliahidi mbele ya wazee kwamba atafyeka. Msimu wa kwanza akasema kesho. Msimu wa pili, Machi ikiwa inakwenda na maharage bado yamo kwenye kapu, alikuwa amehamia mjini kupakia magunia ya kampuni, na hiyo kesho akahama nayo.

Basi tukashuka mjini. Tulinunua chumvi, tukajaza mafuta ya taa kwenye chupa, tukapita kwa wanawake waliopandisha dagaa usipa kutoka ziwani. Mvua ilikuwa ya ile aina isiyo na haraka, inayokunyeshea kama iliyolipwa kwa siku. Kila penye kibaraza nilivuta kanga ya mama ili tujibanze.

"Twende," alisema. "Chumvi ndiyo huyeyuka, si mtu."

Chumvi yenyewe alikuwa ameifunga kifuani, ikiwa kavu kuliko sisi.

Tulikwenda ghalani kwa baba mdogo. Mlinzi akasema ametoka kwenda kula. Tukaenda kwa mama ntilie. Pale wakatuambia amekwisha kula. Mwanamke aliyekuwa akiosha sahani akamtazama mama, akanitazama mimi, akaelekeza kwa kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye baa yenye mlango wa shanga.

Nilidhani mama atanituma mimi niingie kumwita, maana ndivyo wanawake wengi wa kijijini kwetu walivyofanya. Yeye alivua gunia, akalikung'uta, akajifunga kanga upya, akapenya kwenye shanga. Nami nyuma.

Ndani palikuwa na joto la watu, moshi wa sigara na redio iliyopayuka. Baba mdogo alikaa na wenzake wawili. Meza ya pili, peke yake, alikaa katekista wetu. Tulikuwa katikati ya Kwaresima, na Jumapili iliyopita yeye mwenyewe alituhimiza tujinyime.

"Tumsifu Yesu Kristo, Katekista," mama alimsalimu.

"Milele, amina," akajibu, huku mkono wake ukiisogeza glasi taratibu nyuma ya kopo la maua ya plastiki. Povu lilionekana juu ya maua.

"Aa, shemeji," baba mdogo akasema. "Karibu. Na mvua yote hii?"

"Nimefuata nyasi."

"Nyasi nazo zinauzwa mjini siku hizi?" mmoja wa wenzake akadakia. "Hilo ndilo soko huria sasa." Wakacheka.

Mama hakucheka wala hakununa. Alivuta kiti, akaniagizia soda na yeye akaagiza yake, akangoja mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Shemeji, uliahidi mbele ya wazee kunifyekea shamba. Kesho utakuja?"

"Kesho kuna mzigo."

"Keshokutwa?"

"Unanikaba kama mgambo wa kodi, shemeji."

"Nauliza tu. Utakuja au hutakuja?"

Wenzake walikuwa wakimtazama, na nadhani hilo ndilo lililomponza. Akaegemea nyuma.

"Haya, siji. Mwaka huu sina nafasi. Waache wadudu nao walale humo."

"Katekista, umesikia?"

Katekista alitazama sakafu. "Nimesikia, mama."

"Asante, shemeji," mama akasema, akamalizia soda yake bila haraka. Yangu ilikuwa imenishinda utamu. Nilikuwa naona aibu hata kumeza.

Njia nzima ya kurudi nililia ndani ya gunia. Nilijua tumeshindwa.

Kesho yake, kabla ukungu haujapanda, mama alichukua nyengo ya baba, lile panga la mpini mrefu, akafyeka. Alizilaza nyasi mwenyewe, miraba yake ikienda upande kidogo, na wanawake wenzake wakaja na majembe. Wazee walipofika kuuliza ni nani aliyemruhusu kushika kazi ya wanaume na kuutenga ukoo, aliwajibu neno moja: wamuulize katekista. Naye, akijua mama aliiona glasi yake, hakuthubutu kukana kwamba baba mdogo alikataa mbele yake. Maharage yakapandwa. Shamba likabaki letu.

Nilikuwa mtu mzima, nikihangaika na wakubwa wa kazi wasiosema ndiyo wala hapana, nilipoielewa safari ile. Mama angeweza kufyeka tangu mwanzo, bila kushuka mjini na mvua ile. Lakini ile kesho ya shemeji yake ndiyo iliyokuwa ikimla, wala haikuwa na shahidi. Alikwenda kuitafuta hapana, aipate mchana, mbele za watu.

Mwaka juzi nilimuuliza: na kama baba mdogo angekubali?

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Ningempikia ugali," alisema. "Shamba lingelimwa vilevile."