Nyanya za Juu

Mutindi hanunui nyanya kabla hajazimwaga. Hutandika gunia chini, hupindua kreti nzima, na mkulima husimama pale akimeza mate. Sokoni Voi sote tunajua kreti hupangwa nzuri juu, mbovu chini, ila sisi wengine hulalamika baadaye. Yeye humwaga. Uzuri wa mkakasi, husema, ndani kipande cha mti.

Bintiye Shanice, mwalimu wa Kiingereza, aliwahi kumweleza kwamba Waingereza wana msemo wa kukipokea kitu kwa thamani iliyo usoni pake, kama unavyopokea noti: imeandikwa mia, basi ni mia. Maana yake ni kuamini unachokiona bila kuchimba. Mutindi akauliza kama Waingereza hao wamewahi kununua nyanya. Mimi nauza vitunguu meza ya jirani, na nilicheka mpaka nikakohoa.

Julai hii baridi iliharibu nyanya kila mahali. Dinah, mpishi wa harusi, alihitaji kreti tatu kwa karamu ya Jumamosi, na Mutindi akamwambia asihangaike kutafuta kwingine. Kumbe mkulima wake wa siku zote hakuwa na kitu. Akaelekezwa kwa Sylus, kijana wa Mboghoni ambaye hawajawahi kuonana naye, akaagiza kwa simu. Dinah ndiye huwaambia wapishi wenzake wanunue kwa nani. Nyanya zikiwa mbovu, Mutindi amekwisha.

Lori lilifika Jumamosi asubuhi. Mutindi alikata kamba ya kreti ya kwanza, akaondoa majani yaliyofunika. Juu palikuwa na nyanya laini, nyingine zimepasuka karibu na kikonyo. Akafungua ya pili, ikawa vile vile. Ya tatu pia. Akaketi juu ya gunia lake, likiwa bado limekunjwa.

"Kama juu ni hivi," aliniambia, "huko chini kuna nini?"

Nilikasirika kwa niaba yake. Nilimlaani huyo Sylus na shamba lake na mfereji unaolinywesha. Na jambo ninaloshangaa hadi leo ni kwamba hakuna kati yetu aliyepindua kreti. Mwanamke aliyemwaga nyanya za watu maisha yake yote, siku hiyo aliamini sura. Alishika simu amwambie Dinah atafute kwingine, na hakukuwa na kwingine. Nikamshauri aanze na Sylus, angalau tumtukane kwanza.

Sylus alimsikiliza mpaka akamaliza. Simu ilikuwa kwa spika, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama, si uliniambia ni za kupika leo?" alisema kwa upole. "Sasa hizo zimeiva sana nikiweka chini, zitafika Voi zimekuwa uji. Nilijua ukifungua utaniona mtu mbaya. Hebu mwaga."

Mutindi aliinuka. Alitandika gunia, akapindua. Zikamwagika nyekundu, ngumu, zimejaa mkono, mpaka ya mwisho kabisa. Kreti ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Alishika kiuno akasema asante Yesu, kisha akacheka huku machozi yanamtoka. Dinah alipokuja alizikimbilia zile laini kwanza. Hizi ndizo za mchuzi, alisema, ngumu ni za kachumbari.

Jumatatu nilimkuta Mutindi akipanga mafungu yake. Sote huweka nzuri mbele, na yeye pia, tusidanganyane. Lakini siku hiyo alichagua nyanya iliyopasuka akaiweka juu kabisa ya fungu. Nikamuuliza, Mama Shanice, nani atanunua hiyo? Akaniambia niuze vitunguu vyangu.

Mteja wa kwanza alitazama akapita. Nilitaka kumcheka Mutindi, nikajizuia. Wa pili, mama mmoja mwenye kikapu, alisimama, akaishika ile nyanya, akaigeuza.

"Mbona umeweka hii juu?"

"Ndiyo mbaya kuliko zote," Mutindi akasema.

Yule mama alimtazama usoni kidogo. Kisha akafungua kikapu, akaambiwa achague, akasema hapana, weka tu.