Fundi Aliyeonekana Mzima

Mtaani walimwita Mama Hodi, maana kazi yake ilikuwa kupiga hodi. Kwa miaka tisa alizungukia wazee wanaoishi peke yao: anaangalia kama dawa zimemezwa, kama taa ya chooni inawaka, anakaa kidogo, anataniwa, anaondoka. Kazi ya miguu na masikio, alikuwa akisema.

Siku mkuu wa ofisi alipomwambia fungu la fedha limepungua, abaki na watu kumi na sita kati ya ishirini na wanne, aliachiwa kalamu achague mwenyewe. Alianza na wenye afya. Fundi seremala mstaafu alikuwa wa tatu kukatwa. Alikuwa akitembea, akijipikia, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko msumeno. "Huyu mzima," Mama Hodi alijisemea, akapiga mstari. Hata kumuaga hakwenda.

Kilichomtafuna baadaye ni kwamba dalili aliiona. Katika ziara ya mwisho mzee alitoka bafuni akiambaa na ukuta, naye akasema moyoni kwamba wiki ijayo ataomba afungiwe chuma cha kushikia. Wiki hiyo haikuja.

Miezi miwili haikupita, mzee akateleza bafuni. Alilala sakafuni mpaka kesho yake jirani alipomsikia. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alilazwa hospitali wiki saba, akatoka kwa kiti cha magurudumu hadi kwa binti yake, ambaye alifunga kibanda chake cha ushonaji ili amuuguze. Gharama ya kitanda cha hospitali peke yake ingetosha kuwatembelea wote wanane waliokatwa mwaka mzima. Mama Hodi hakuhitaji kuambiwa.

Akajikaza, akaenda kumwona. Binti alimsogezea kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilidhani umehama."

"Sikuhama. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye orodha."

Binti akaacha kukunja shuka.

"Walikulazimisha?" mzee akauliza.

"Kupunguza watu, ndiyo. Lakini wewe nilikuchagua mwenyewe. Nilikuona mzima."

Mzee akaegemea kiti chake. "Ulikuwa unakuja Jumanne. Basi Jumatatu nasugua bafu, usije ukanisema. Ulipoacha kuja, nimsugulie nani? Likaota utelezi."

Machozi yalimlenga Mama Hodi, akayazuia, maana hakuona kama ana haki nayo.

Wiki ile alimwandikia mkuu barua, akaeleza yote, kosa lake likiwa juu kabisa. Mkuu alimrudishia watano. Watatu wasubiri mwakani. Hao watatu, fundi akiwa mmoja wao, akawa anawaendea Jumamosi, siku yake ya mapumziko, na kila alipoingia alianzia bafuni, akipapasa sakafu kwa kiganja. Mzee naye akampa somo la chuma cha kushikia: kifungwe usawa wa kiuno, kwenye tofali, si kwenye plasta.

Siku moja binti alimsindikiza mlangoni.

"Baba amekusamehe. Mimi bado."

"Najua, mdogo wangu."

"Na usiache kuja."

Jumamosi iliyofuata alipofika, binti alikuwa ameshavaa viatu. Alimwonyesha dawa za mchana zilipo, akachukua gauni la mteja lililokawia miezi miwili, akatoka kwenda kibandani kulimalizia.