Mama Nyuzi na Nyumba Iliyohamia Kona Moja

Saa nne asubuhi, jua limepenya pazia jembamba na kumwagika sakafuni kama maji ya uvuguvugu. Nyuma ya kabati la televisheni inaonekana miguu miwili tu, ndani ya soksi za kijivu, kisigino kimoja kimetoboka. Mwenye miguu hiyo amelala kifudifudi. Anafunga uzi wa bluu kwenye waya, kisha anatulia. Anasikiliza.

"Washa redio," anamwambia mwenye nyumba. "Haya, izime. Umeusikia huo mngurumo mdogo? Huo ndio adui yangu."

Wateja wanamwita Mama Nyuzi. Ana miaka arobaini na sita, na kazi yake ni kuunganisha televisheni, redio, deki na simu za watu ili vyote visikike kwenye seti moja ya spika. Kila waya huufunga uzi wa rangi yake: mwekundu wa televisheni, wa bluu wa redio, wa kijani wa deki ya kaseti. Mteja akihamisha kabati, hana haja ya kumpigia simu huku analia.

Mazoea ya uzi aliyapata kiwandani. Kwa miaka kumi na moja alishona kola za mashati. Kiwanda kilipofungwa, shemeji yake, fundi redio, alimpa nafasi kwenye kibanda chake.

"Alidhani nitamfagilia kibanda tu," anasema na kucheka. "Mwezi wa pili nikawa namkosoa lehemu zake."

Siku hizi huingia nyumba tatu kwa wiki, wiki ikiwa njema. Wiki nyingine simu haiiti kabisa. Lakini ukimuuliza ni kazi gani iliyomfunza ufundi, anaacha koleo, anatazama mbali, na kuitaja nyumba ya dereva mmoja wa lori na mama yake asiyeona.

Ilikuwa mwaka jana. Dereva alinunua amplifaya na spika mbili ndefu, akataka kila chombo cha sebuleni kisikike humo. Mama Nyuzi alifanya kazi hadi saa tisa alasiri. Alipomaliza, sauti ilijaa chumba, nyororo, bila mkwaruzo. Watoto walipiga makofi. Bibi yao alikuwa ameketi, mikono mapajani.

Siku ya nne, mke wa dereva alimpigia. "Fundi, njoo. Mama hataki kutoka chumbani."

Alimkuta bibi kitandani, mguu umefungwa kitambaa. Alikuwa amejigonga kwenye meza ya sebuleni, mara mbili.

"Kazi yako nzuri, mwanangu," bibi alimwambia. "Ila umenihamishia nyumba. Redio ilikaa dirishani, televisheni karibu na mlango wa jikoni, kaseti zangu ubavuni mwa kiti. Nikisikia, najua nilipo. Sasa nyumba nzima imehamia kona moja."

Mama Nyuzi anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. "Najiita fundi wa sauti, na sikumuuliza hata swali moja mtu anayeishi kwa sauti."

Alikwenda kuketi kwenye kiti cha bibi, akafumba macho, akaomba vyombo viwashwe kimoja baada ya kingine. Kila kimoja kilimjia kutoka palepale. Ilikuwa, anasema, kama kuota uko kwenu, kila kitu ni chako, lakini milango imeondoka.

Dereva aliporudi alikuta redio imefunguliwa mezani, matumbo nje.

"Fundi, mimi nilitaka sauti zikae pamoja. Leo unazitawanya?"

"Sizitawanyi, kaka. Nipe hadi jioni."

Redio ile, ukiichomeka waya wa amplifaya, spika yake ya ndani ilikuwa inanyamaza. Alilehemu kipande cha waya humo ndani ili isinyamaze tena. Deki ya kaseti akaifanya vivyo hivyo. Televisheni ilitaka kubadilishwa mpangilio wa sauti tu. Spika ndefu zikabaki na sauti ya wote, na kila chombo kikawa kinanong'ona mahali pake.

"Sauti kubwa ya wageni," alimweleza dereva. "Sauti ndogo ya mwenyeji."

Bibi akaitwa. Redioni mtu alikuwa anasoma habari za mvua. Bibi alisimama mlangoni muda mrefu, kichwa ameinamisha kidogo, kama mtu anayekumbuka harufu. Kisha akatembea. Akaikwepa meza, akaendelea, mpaka kiganja chake kikagusa dirisha. Akalifungua, upepo ukaingia.

"Eh," alisema. "Karibuni kwangu."

Dereva alimpa mama yake mgongo ghafla. "Alisema anakagua spika," Mama Nyuzi anakumbuka. "Spika hazikuwa upande huo."

Tangu siku hiyo hagusi waya kabla ya kuuliza kila mtu wa nyumba huketi wapi na husikiliza nini. Wengine humwona mpekuzi. Wengine huanza kueleza wakashindwa kunyamaza.

Sasa anataka chumba chake mwenyewe, cha duka. Amekiona kimoja, kipo karibu na duka la mikate. Mwenye chumba amemsubirisha hadi mwisho wa mwezi. Hataki kukijaza maspika ya kutikisa kuta.

"Mteja akija, nitamkalisha, nimwambie afumbe macho, anieleze nyumbani kwake kila sauti inakaa wapi. Halafu ndiyo tuongee habari za waya."

Chumba hajakipata bado. Jina la duka lake pia hajalipata.

"Lakini kiti," anasema, "nimeshanunua."