Maji ya Nyuma ya Jiko

Dorine hunywa maji amesimama nyuma ya jiko, uso ameugeuzia ukuta. Ukimkuta hapo utadhani anaiba. Kikombe chake cha bati amekificha juu ya matofali, chini ya sufuria iliyotoboka, na akimaliza hujifuta mdomo vizuri kabla ya kurudi ndani. Mumewe hawezi kutembea peke yake, lakini macho anayo, na tone moja kidevuni linatosha kuharibu siku nzima.

Mumewe ni Alexis Kangwa, aliyekuwa fundi wa reli. Zamani akicheka nyumbani kwake, sisi majirani wa mtaa huu wa Bel-Air tulicheka kwetu bila hata kujua sababu. Kisha kiharusi kikampiga akiwa anafunga kamba za viatu. Mkono umerudi kidogo, mguu umerudi kidogo, koo limekataa. Sauti sasa inampitia puani, na kila asubuhi neno lake la kwanza ni maji. Dorine, ambaye ndiyo kwanza ametoka kisimani na bidoni, dumu la maji, kichwani, humwambia hapana.

Si roho mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu waliosema ni roho mbaya ni wengi, na wengine walikuwa wamekaa kwenye viti vyangu. Mimi nilimsindikiza kliniki siku waliyoelezwa. Dominique, yule kiné anayewafundisha wagonjwa kutumia viungo vyao upya, aliwasha tochi akamwambia Alexis aseme aaa. Halafu akamwita Dorine aangalie, nami nikachungulia, maana umbea ni umbea hata kliniki.

Paa la kinywa mbele ni gumu. Nyuma ni nyama laini, na mwisho wake kananing'inia kale kanyama tunakokaita kilimi. Kwa mtu mzima wa afya, ukisema aaa nyama ile hupanda sawasawa. Ya Alexis ilipanda upande mmoja tu, ikavuta kilimi pembeni, na upande wa pili ukabaki umelala. Dominique akatuambia kwamba mtu akimeza, kaakaa hilo laini hupanda na kufunga njia ya pua, koromeo hujivuta juu, na kifuniko kidogo huinama juu ya bomba la hewa ili tonge lipite nyuma yake kwenda tumboni. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho. Kwa Alexis, milango hiyo inachelewa kufunga. Uji mzito huenda polepole, unaisubiri. Maji hayasubiri mtu, yanaingia kwenye mapafu.

“Mama, maji ya bure, yenyewe tu, hapana,” alisema Dominique. “Utachanga na bunga, ishikane. Kidevu chini, kila mara. Ukimupatia maji pepesi, njo itamuua.”

Tangu hapo kazi ya Dorine ni kijiko. Anakoroga maji na unga mpaka yashikane, anamketisha Alexis wima, anamwinamisha kidevu, anampa kidogo, anangoja ameze, anangoja ameze tena, ndipo anampa kingine. Alexis anayachukia maji yale ya kunata. Mara nyingi huyatema, na Dorine huosha shati na kuanza upya. Biashara yake ya makala, mkaa wa kupikia, imekufa. Mtoto wao Hénoc yuko Mokambo, anatuma salamu. Salamu hazigeuzi mgonjwa kitandani.

“Nimechoka, Mama Sephora,” aliniambia siku moja, hata hakulia. “Nimechoka mupaka ku mifupa.”

Na kulikuwa na jambo lingine. Kwetu, anayekuja kumwona mgonjwa haulizi sana habari za dawa. Anaomba kikombe, anamnywesha kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo heshima. Mke aliyemnyima mumewe maji, siku ya kilio ataulizwa mbele ya watu wote, na hakuna jibu litakalotosha. Wajane wametupwa nje na magodoro yao kwa jambo dogo kuliko hilo. Basi Dorine alikuwa hivi: akimpa maji, anamuua, asipompa, watasema alimuua.

Joto la kabla ya mvua lilipokuwa kali kabisa, akaja Brigitte, dada mkubwa wa Alexis, ambaye wote wawili humwita yaya, kutoka Kipushi. Mwanamke wa kuvuka mpaka na mabelo, marobota ya nguo za kuuza, sauti yake ndiyo inayomtangulia mlangoni. Hakuwa amemwona ndugu yake tangu augue. Alexis alipomwona alilia, akamshika kitenge kwa ule mkono mzima, akaomba maji. Brigitte akatoka uani kutafuta kikombe, akazunguka jiko, na nani yuko pale? Dorine, kikombe mdomoni.

Nilikuwa uani kwangu naanika nguo. Nilisikia yote, na avenue nzima ilisikia.

“Weye unakunywa, na ndugu yangu anakauka? Juu ya nini? Alikukosea nini?”

“Yaya, docteur alikataza. Koo yake haifungakake. Maji itaingia mu mapafu.”

“Koo haifungakake! Tangu lini maji inauaka muntu? Leta hapa!”

Akamnyang'anya kikombe, akakijaza kwenye bidoni, akaingia ndani. Na Dorine hakumfuata. Alikaa juu ya matofali, mikono mapajani, akitazama kuku. Baadaye aliniambia alichowaza: acha wampe, wao ndio wenye ndugu, mimi nimemaliza. Kama kuna mtu anataka kumlaumu, kwanza akoroge ule unga toka masika hadi kiangazi, ndipo aje tuongee.

Ndani, Brigitte alifanya alivyofundishwa na mama yake: alimlaza ndugu yake mapajani kama mtoto, akamwinua kidevu juu, akamimina. Alexis alikunywa kwa furaha. Maji yakamtoka puani. Akakohoa, kisha akaacha kukohoa, na hilo ndilo lililomnyanyua Dorine kutoka kwenye matofali, kwa sababu kikohozi alikizoea na kimya hakukizoea. Nilimwona akiruka bidoni. Alimvuta mumewe kutoka mapajani mwa wifi yake, akamwinamisha mbele, akampiga mgongo kwa kiganja huku akimtukana kwa jina lake lote, mpaka ile hewa ikarudi na mlio wa mlango wenye kutu.

Usiku ikaja homa, kesho yake kliniki. Maji yalikuwa yameshuka kifuani. Alexis alirudi nyumbani amebaki ngozi, akiwa hai. Brigitte hakurudi Kipushi. Hakuomba msamaha pia. Watu wa aina ile hawana maneno hayo. Alichukua kijiko tu.

Siku moja mchana, jua likipasua mabati, nilikuwa nimekaa na Dorine tukichambua matembele. Tulimsikia Alexis ndani akimbembeleza dada yake kwa ile sauti ya puani. Maji, yaya. Kidogo tu. Brigitte akajibu polepole, bila ile sauti yake ya mpakani: “Hapana, ndugu yangu. Hapana.”

Baadaye Dorine alisimama akaenda nyuma ya jiko kunywa. Nikamwona amesimama ghafla, nami nikanyoosha shingo. Brigitte alikuwa pale, ameugeuzia ukuta uso, kikombe cha bati mdomoni, anakunywa huku machozi yanamshuka.

Aliposikia nyayo alijifuta kidevu haraka. Wakatazamana. Kisha akainama, akakijaza kikombe, akampa Dorine kwa mikono miwili.

“Kunywa mbio, Mama Hénoc,” alisema. “Mi naangaria mulango.”