Zeituni Kwenye Breki za Ami Omran

Ami Omran hutibu kila kitu kwa mafuta ya zeituni. Sikio likiuma, mafuta. Bawaba ikilia, mafuta. Nilipoacha chuo cha ufundi nikiwa nimebakiza mwaka, alinipa chupa nzima ninywe, labda akili ingeteleza na kurudi mahali pake.

Ana pikapu iliyonizidi umri mara mbili. Kwa pikapu hiyo amemteremsha mkewe, Bi Ghazala, kona zote za milima ya Nafusa, na hajawahi kumwachia mtu usukani. Jumatatu ile alikuwa ampeleke mjini kufunguliwa bandeji ya jicho. Akaiwasha, ikanguruma, ikakataa kusogea.

"Njoo uitazame, fundi nusu."

"Nusu inatosha, ami. Gari lenyewe limebaki nusu."

Nilikanyaga pedali, ngumu kama jiwe. Nikapiga jeki, nikalishika gurudumu kwa mikono miwili. Halikuzunguka, na hakuna aliyekuwa amekanyaga breki. Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa. Mafuta yakaruka, gurudumu likaachia. Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki: mpira wa kifuniko umevimba kama maharage yaliyolala majini.

"Uliongeza nini humu?"

"Yalikuwa yamepungua kidogo."

"Sikuuliza yalipungua kiasi gani."

Akageuka kutazama mlima, kana kwamba umefika jana.

Bi Ghazala akatoka akishikilia ukuta. Alichovya kidole kikoponi, akanusa. "Haya ni ya mzeituni wa kisimani. Mkamuo wa kwanza. Si uliniambia yamekwisha?"

"Ningelitilia ya dukani?" ami alisema polepole. "Gari hili linakubeba wewe."

Nilikuwa na mzaha tayari kuhusu kachumbari. Nikaumeza.

"Mipira yote imeharibika, ami, kila gurudumu. Leo gari halishuki."

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, hadi vikawa safi kuliko vya daktari. Kisha akaenda mwenyewe kwa jirani kuazima gari, akanipa mimi ufunguo. Yeye akaketi nyuma na mkewe.

Kila kona, nilisikia kiatu chake kikigandamiza sakafu.

"Baba Yunis, pumzisha mguu. Anayekanyaga yuko mbele," Bi Ghazala alimwambia mumewe.

"Huyo ni nusu fundi."

"Basi nishike mimi."

Akamshika mkono. Mguu haukuacha, ila sasa ulikanyaga taratibu.