Siku Niliyohamia Ujerumani Nikiwa Likombe

Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa, lakini korosho zinazobanguliwa kwenye banda langu hapa Likombe zinaliwa mpaka Dar es Salaam. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo tovuti ya wanunuzi wa ng'ambo ilipogoma kunifungulia akaunti, niliapa siondoki kwenye benchi. Usajili wa wauzaji ulikuwa unafungwa jioni ile. Nikikosa, msimu mzima narudi kwa madalali.

Simu yangu ilikuwa na VPN, ile inayoficha mahali ulipo, nami nilikuwa nimeiwasha makusudi tangu mwanzo. Nilichagua Ujerumani. Mnunuzi akiona muuzaji yuko Ujerumani, si atakaa wima? Tovuti ikaniandikia kwamba nimeficha nilipo. Nikahamia Uswisi. Ikakataa. Nikasema labda nchi ni ndogo, nikaenda Marekani.

Akaingia shemeji, mdogo wake mke wangu, anayefanya kazi kwa wakala wa forodha bandarini. Alifuata korosho zake za bure, kama kawaida yake, akachungulia simu yangu.

"Shemeji, leo uko nchi gani?"

"Marekani."

"Na majivu yote hayo usoni?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia, "Wewe ni lori linaloingia getini na kibao cha namba cha Malawi. Mlinzi keshaona kibao hichohicho kwenye malori mia tangu asubuhi, anajua ni cha kuazima, kama hiyo VPN yako. Tena saa ya simu yako ni ya hapa, namba ya simu ni ya hapa. Atakupitisha?"

"Mimi sijifichi. Najipandisha."

"Basi shuka."

Nilizima VPN. Ikakataa tena! Shemeji akasema tovuti bado inamkumbuka yule Mmarekani, akanionyesha pa kufuta kumbukumbu zake kwenye simu. Nilifuta kwa kidole changu mwenyewe, nikaanza upya, jua limeshaegemea magharibi. Safari hii penye nchi ilijaza yenyewe: Tanzania. Ikaomba picha ya mahali pa kazi. Nikasimama mbele ya banda, kifua mbele, mikono myeusi kwa mafuta ya maganda.

Ikafunguka.

Penye jina la biashara niliandika KOROSHO ZA LIKOMBE, MTWARA, kwa herufi kubwa zote. Shemeji akasema nipunguze, ninapiga kelele. Sikupunguza.